Tupeane uzoefu: kurekebisha mafuta na presha ya turbo kwenye gari lililoongezwa nguvu

Mleta mada

Ndugu zangu, ninaomba kila aliyewahi kupandisha presha ya turbo (kifaa kinachosukuma hewa ndani ya injini) kwenye gari lake aeleze kilichompata, hasa yale aliyoyagundua akiwa amechelewa, kwa sababu maelekezo mengi tunayopeana hutaja namba za kulenga bila kusema namba hizo hupimwaje na ni kitu gani kinaweza kuzipotosha. Naanza mwenyewe.

Injini yangu ni ya silinda nne, na turbo yake ya kiwandani ilikuwa ikisukuma bar 0.6 (bar ni kipimo cha presha). Nilifunga valvu ya mkono ya kudhibiti presha, nikapandisha hadi bar 1.0, na sikugusa kitu kingine chochote. Niliitegemea sensa ya oksijeni ya kiwandani, iliyoonyesha kwamba mafuta yanatosha, nami sikujua kuwa sensa ya aina hiyo hutambua tu kama mchanganyiko uko upande huu au ule wa sehemu 14.7 za hewa kwa sehemu moja ya petroli, wala haiwezi kutofautisha 11.5 na 13 (namba ikiwa ndogo, mafuta ni mengi zaidi). Siku moja, nikiwa gia ya nne na injini imepita mizunguko 5,500 kwa dakika, nilisikia mlio mkavu kama wa changarawe ndani ya mkebe, na muda si mrefu nyuma yangu kukawa na moshi wa bluu. Tulipoifungua injini tulikuta pistoni ya tatu imemeguka kati ya ringi ya kwanza na ya pili.

Hesabu ambayo ingeniokoa ni ya dakika tano. Bar 0.6 za turbo ukijumlisha na presha ya angahewa ni takriban bar 1.6, na bar 1.0 zinakuwa takriban 2.0, kwa hiyo hewa inayoingia inaongezeka kwa robo nzima kama joto lake halijapanda; kwa kawaida hupanda, na hapo ongezeko huwa dogo kiasi. Kumbukumbu za kompyuta ya injini zilionyesha kuwa, kabla sijagusa chochote, injekta zangu (vinyunyizio vya mafuta) zilikuwa wazi asilimia 76 ya muda zinapofanya kazi kwa nguvu zote. Ongeza robo juu ya hapo, zinatakiwa kuwa wazi asilimia 95, wakati mafundi wengi huweka kikomo kwenye 80 hadi 85 ili injekta ipate muda wa kufunga na kufungua kwa uhakika. Nilikuwa naidai injini mafuta ambayo haikuwa na njia ya kuyatoa.

Silinda Sita

Pole sana, mleta mada. Mimi nilikuwa na sensa ya masafa mapana, ile inayosoma mchanganyiko kwa namba kamili, na hata hivyo nilipotea. Kila presha ilipofika bar 0.9 ilionyesha 13.5, nami nikaongeza mafuta. Nikaongeza tena, lakini namba haikushuka, na gari likaanza kukatakata. Nilikaribia kununua injekta kubwa zaidi.

Tatizo lilikuwa kwenye plagi. Mwanya wake ulikuwa milimita 1.1, na hewa iliyogandamizwa kiasi kile ilikuwa ikiizuia cheche isiruke. Silinda isipowaka, oksijeni yake yote hutoka kwenye ekzosi bila kutumika, na kwa kuwa sensa hupima oksijeni, husoma kwamba mafuta ni haba hata kama petroli imejaa tele. Nilipunguza mwanya hadi milimita 0.7, na namba ikaanguka papo hapo hadi 10.4, ndipo nikaona ni kiasi gani cha mafuta nilichokuwa nimerundika. Nilirudisha nyuma hadi 11.8. Oili nayo ilikuwa inanuka petroli, nikaimwaga yote siku ileile. Tangu hapo, kabla ya kugusa mafuta, hukagua plagi, kisha hukagua kama ekzosi inavuja mbele ya sensa, kwa maana hewa ya nje ikinyonywa pale huleta udanganyifu uleule.

Waya Mnene

Kwangu ilikuwa pampu. Mchanganyiko ulikuwa mzuri hadi mizunguko 4,800, halafu mafuta yakawa yanapungua taratibu. Kirekebishi cha presha ya mafuta kwenye gari langu hushika bar 3 juu ya presha ya manifoldi (bomba linalogawa hewa kwa silinda), kwa hiyo turbo ikisukuma bar 1.2, reli ya injekta (bomba linalozigawia mafuta) inahitaji bar 4.2. Nilipofunga geji kwenye reli nikaona inaishia 3.6. Pampu ilikuwa mpya, na ndiyo maana sikuishuku. Lakini nilipopima umeme kwenye vituo vyake nikakuta volti 11.2 wakati betri ilikuwa na 13.9. Waya wa kiwandani ulikuwa mwembamba mno kwa pampu ile. Nilivuta waya mnene kutoka kwenye betri kupitia fyuzi na relei, na presha ikasimama.

Mgeni wa Turbo

Nashukuru kwa maelezo haya. Je, si salama zaidi kuweka mafuta mengi tu tangu mwanzo, ili injini isipate joto?

Mleta mada

Ndugu yangu, hadi kiwango fulani ni kweli, na ndiyo maana chini ya presha wengi wetu tunalenga kati ya 11.5 na 12 kwa petroli. Ukivuka hapo sana, nguvu inapungua, petroli inaosha oili kwenye kuta za silinda, na ringi zinalika. Isitoshe, mafuta mengi hayatibu cheche inayowahi mno wala hewa yenye joto kali. Injini ikigonga, yaani ikitoa ule mlio wa changarawe, mimi kwanza naondoa mguu, napunguza presha na kuichelewesha cheche, ndipo natafuta sababu.

Injini yangu mpya ina injekta kubwa zaidi na sensa ya masafa mapana. Nimeanza na presha ya springi ya westigeti (valvu inayozuia presha ya turbo isizidi) pekee, ambayo ni bar 0.5, na ninapandisha bar 0.1 kwa kila hatua, huku nikirekodi mchanganyiko, presha ya mafuta na dalili za kugonga kabla ya kwenda hatua inayofuata. Jana nilifika 0.8, mchanganyiko ukakaa 11.7 hadi mizunguko 6,000, na injekta zikawa wazi asilimia 58.