Nimelipia kitabu, nimevunja kufuli lake, na sikubali kuitwa mwizi

Wakuu, leo sina salamu ndefu, nina hasira.

Nina vitabu pepe nilivyonunua kwa pesa yangu halali, risiti zote zipo kwenye barua pepe. Simu niliyokuwa nasomea ikafa. Nikaweka programu ileile kwenye kifaa kipya, nikaingia kwa akaunti ileile, nikabonyeza kitabu nilichokuwa nimefika katikati. Jalada likatokea, halafu kikaja kisanduku: umefikia kikomo cha vifaa vilivyoidhinishwa. Nikawaandikia huduma kwa wateja. Jibu: ingia kupitia simu ya zamani, iondoe kwenye orodha, kisha ongeza mpya. Simu imekufa jamani, haiwaki! Nikaeleza tena, nikajibiwa maneno yaleyale, nukta kwa nukta.

Basi nikatafuta programu ya kuondoa kufuli, yaani ule ulinzi wa kidijitali unaozuia kitabu kufunguka kwenye kifaa kisichoidhinishwa, vitabu vikafunguka, nikahifadhi nakala kwenye kompyuta yangu. Nilipomsimulia jamaa yangu mmoja, tena msomaji mzuri tu, akaniambia huo ni wizi kama wizi mwingine. Hapo damu ikachemka.

Wizi wa nini? Duka limekata chake, mchapishaji kapata chake, mwandishi naye fungu lake limo humohumo. Sijamtumia mtu faili, sijauza, sijapandisha popote. Nimesoma nilichokilipia, basi.

Na tuelewane kufuli lenyewe linavyofanya kazi. Maandishi ya kitabu yamefichwa kwa msimbo, na ufunguo umefungwa kwenye akaunti yako. Kila unapofungua kitabu, programu inatumia ufunguo huo kukufumbulia kurasa kwenye kioo. Kwa hiyo ufunguo tayari umo mikononi mwako, usingekuwemo usingesoma hata sentensi moja. Ndiyo maana kufuli hizi haziwawezi maharamia. Akitokea mmoja tu akakifungua kitabu, nakala safi inasambaa, na anayeipakua bure hakutani na kisanduku chochote wala kikomo cha vifaa. Wanaokutana navyo ni sisi tuliotoa hela. Hili ndilo linaloniuma kuliko yote: aliyelipa anapewa kitu kibovu kuliko aliyeiba!

Na msidhani ni bahati mbaya yangu peke yangu. Julai 2009 Amazon walifuta kwa mbali, ndani ya Kindle (vifaa vyao vya kusomea vitabu pepe) za wateja, nakala za riwaya za 1984 na Animal Farm za George Orwell, kwa sababu aliyeziweka sokoni hakuwa na haki ya kuziuza. Pesa zilirudishwa na bosi wao wakati huo, Jeff Bezos, akaomba radhi, lakini kuna mwanafunzi aliyekuwa ameandika maelezo yake ya masomo humo, akabaki na maelezo yasiyo na kitabu. Mwaka 2019 Microsoft wakafunga duka lao la vitabu, na vilivyokwisha kununuliwa vikaacha kufunguka. Pesa zikarudi pia, sawa. Ila mimi sikununua kitabu ili siku moja nirudishiwe pesa, nilinunua nisome, na nirudie kukisoma uzeeni. Februari 2025 Amazon tena wakaondoa njia ya kupakua kitabu ulichonunua kwenye kompyuta ili ukihamishie Kindle kwa waya. Duka la vitabu vya karatasi likifungwa, nani anakuja kukung'olea vitabu kwenye rafu yako?

Najua mtaniletea sheria. Marekani wana DMCA, sheria yao ya hakimiliki ya kidijitali ya 1998, inakataza kuvunja kufuli hata kama hukumgawia mtu yeyote nakala. Sheria hiyohiyo inawalazimu watetezi wa wasioona kuomba ruhusa maalumu ya kuvunja kufuli upya kila baada ya miaka 3, ili kitabu alichonunua kipofu kiweze kusomwa kwa sauti na programu yake. Kipofu aliyelipa! Mimi nauliza haki, na sheria ya namna hiyo haiwezi kunifundisha haki.

Mpaka upo, na naujua. Kitabu cha kuazima maktaba kwa wiki mbili, ukakivunja ili kibaki chako, hapo umemdhulumu mwandishi. Anayefungua kitabu kisha akakirusha kwenye magrupu, huyo mwizi na simtetei hata kidogo, waandishi wanaishi kwa kazi hii. Lakini msituchanganye naye.

Tena inawezekana kabisa kuuza bila kufuli. Wachapishaji Tor Books waliamua hivyo mwaka 2012 na hadi leo wanachapisha. Wengine wanaong'ang'ania kufuli watupe basi angalau hili: siku duka linapofungwa, au kifaa kinapokufa, mteja akabidhiwe faili lililo wazi. Wasipotaka, nitaendelea kufungua mwenyewe kila kitabu ninachonunua, siku hiyohiyo ninapokinunua.

Mnaosema ni wizi, karibuni. Ila anzeni kwa kunitajia aliyeibiwa na alichoibiwa.