Msimbo wa benki ya India: ni upi unaoandikwa kwenye fomu?

Mzazi wa Kisasa, Dodoma
Ndugu zangu, kijana wangu anasoma Pune, nchini India. Amenitumia picha ya kitabu chake cha benki yenye msimbo wa IFSC, ilhali fomu ya benki yangu hapa Dodoma inadai msimbo wa SWIFT. Je, ni kitu kimoja?

Mkazi wa Kizota
Hapana, mzazi mwenzangu. IFSC hutumika kwa malipo ya ndani ya India na ina alama 11: herufi 4 za mwanzo hutaja benki, ya tano ni sifuri daima (tafadhali sana, usiandike herufi O), na 6 za mwisho hutaja tawi. SWIFT huitambulisha benki kimataifa kwa alama 8 au 11, na ya 5 na ya 6 hutaja nchi: IN kwa India, TZ kwetu.

Mwanakondoa
Naongeza kwamba zile tarakimu 9 za MICR zilizo chini ya hundi za India, zinazotaja mji, benki na tawi, husomwa na mashine wakati wa kupitisha hundi, wala hazichukui nafasi ya SWIFT. Kijana aiulize benki yake SWIFT inayopokea fedha za kigeni, kisha nawe uandike IFSC kwenye maelezo ya mpokeaji.