Tumeajiri mchungaji, au tumeajiri nyumba nzima?

Mkwaju Mbichi (mwanzisha uzi)
Wadau, habari za jioni. Mimi ni mzee wa kanisa kwenye usharika mmoja uswahilini hapa Dar. Jina naliacha, wengine humu mnanijua. Jumapili tuna kikao na kuna ajenda imetugawa vibaya.

Mchungaji wetu alihamishiwa kwetu miaka 4 iliyopita na mke na watoto watatu. Mama mchungaji alikuwa mwalimu huko mkoani, akaacha kazi kumfuata mumewe. Tangu afike anaendesha huduma ya vijana ya Jumamosi: asubuhi mpira, mchana cherehani, jioni Neno na chakula. Alianza na vijana 11, sasa wanapita 80, wengine tumewatoa kwenye mashine za dubwi. Mtoto mkubwa, miaka 13, ndiye mpiga kinanda. Wa pili anapanga viti. Mdogo anagawa vikombe.

Baba analipwa. Mama hapewi hata nauli ya mwendokasi. Nikapendekeza posho ya laki 2 kwa mwezi. Mzee mwenzangu akasimama: "Sisi tuliita mchungaji. Mke ni msaidizi aliyepewa na Mungu, siyo na usharika." Watu wakapiga makofi. Mimi nikakaa chini. Mnaonaje?

Msumari wa Moto
Mzee mwenzako kasema kweli. Huduma ni wito, siyo ajira. Mke wa daktari analipwa na hospitali?

Chai Rangi
Msumari, mke wa daktari hadungi watu sindano. Umejijibu mwenyewe, kunywa maji.

Msumari wa Moto
Sijaja hapa kunyweshwa maji. Nimesema ni wito. Hata mmisionari Mjerumani Greiner alipoletwa Dar 1887 kuanzisha kazi ya misheni alikuja na mkewe. Nani alimlipa mkewe?

Chai Rangi
Na wewe ulikuwepo ukaona hakulipwa?

Mama Pacha
Naomba niseme mimi ambaye ni mke wa mchungaji kweli, siyo wa kusimuliwa. Laki 2 sizililii. Kilichonichoma ni hilo neno "msaidizi".

Nilipojifungua mapacha, jirani yangu mfanyakazi wa benki naye alijifungua mapacha. Yeye sheria ilimpa siku 100 za kupumzika, maana wa mtoto mmoja ni 84 na wa pacha ni 100. Mimi Jumapili ya tatu mzee mmoja alikuja kubisha hodi, kavua na kofia kabisa: "Mama, pole na hongera, ila kwaya inayumba." Nikaenda. Nimesimama mbele, maziwa yanapenya kwenye kitenge, na watu wanasema mama yetu ana moyo. Moyo ninao. Na mgongo je?

Msumari wa Moto
Pole dada, lakini ungeweza kukataa.

Mama Pacha
Usiniite dada, hatujuani.

Kifuu Tundu
Kabla hatujafika kwenye posho tuambiane ukweli. Hao 80 hawafuati Neno, wanafuata WALI. Jumamosi moja tu msipike, mtahubiria viti. Sasa mnataka kumlipa mtu laki 2 kwa kupika?

Bodaboda Mstaafu
Kifuu, mimi nilikuwa mmoja wa hao wa wali.

2017, Manzese. Nalala kwenye fremu ya jamaa anayeuza vipuri, naamka kabla hajafungua. Nikasikia Jumamosi saa 11 jioni kuna wali maharage kwenye kanisa fulani kule bondeni. Nikaenda. Nilikaa nyuma kabisa karibu na mlango ili nikimaliza nichomoke. Yule mama mchungaji aligundua napenda ukoko, akawa ananiwekea pembeni kwenye kifuniko cha sufuria, hasemi kitu, ananisogezea tu. Miezi mitatu hata jina la mhubiri sijalishika. Leo nina pikipiki mbili na vijana wawili wanaziendesha. Usituite watu wa wali kama vile njaa ni uhuni.

Kifuu Tundu
Sijasema uhuni. Nasema Yohana 6:26. "Ninyi mnanitafuta, si kwa sababu mliona ishara, bali kwa sababu mlikula ile mikate mkashiba." Siyo maneno yangu hayo.

Bodaboda Mstaafu
Rudi nyuma aya ya 11. Aliwagawia kwanza. Lawama zilikuja kesho yake, wameshashiba.

Chai Rangi
😂😂 Kifuu kapigwa na sura yake mwenyewe.

Ustaadh Mpole
Asalaam aleikum majirani, mimi napita tu. Ramadhani tunafuturisha msikitini na sijaona mtu amesimama mlangoni anauliza nani kaja kwa ajili ya swala na nani kaja kwa ajili ya tambi na uji wa pilipili manga. Na kwa taarifa yenu, hao 80 mnaowahesabu, wengine ni wa kwetu. Ijumaa tunao, Jumamosi mnao. Hatujagombana.

Kifuu Tundu
Ustaadh, wangapi? Una orodha?

Ustaadh Mpole
Ninaye mmoja, nalala naye nyumba moja. Anasema mpira wenu mzuri, cherehani nzuri, ila mchele una mawe.

Chai Rangi
UZI UFUNGWE. Hakuna atakayezidi hapo.

Fundi Bomba
Mchele kuwa na mawe ni suala la kununua mchele wa kupimiwa vibandani. Nunueni gunia la Kyela moja kwa moja, kwanza ni bei nafuu ukichanga na sharika mbili.

Msumari wa Moto
Kyela wa siku hizi umechanganywa. Chukueni Ifakara.

Fundi Bomba
Wewe na mchele wapi na wapi? Ulikuwa kwenye wito.

Wa Tatu Kuzaliwa
Nilicheka kwenye mawe, halafu nikaacha kucheka. Mchele wa namna hiyo nilikuwa nachambua mimi.

Mimi ni mtoto wa mchungaji, sasa mtu mzima. Kila Ijumaa usiku sisi watatu tulikaa barazani, kila mmoja na ungo magotini. Kilo 15. Umeme ukikatika mmoja anashika tochi na wawili wanachambua, tunapokezana. Jiwe likimpita mtu, Jumamosi linaumana na jino la mtoto wa watu na mama anatutazama sisi, siyo muuza mchele. Chumba tulicholala kilikuwa ndiyo stoo ya usharika. Nimekua nikiamka usiku nakuta spika imenisimamia kichwani kama mtu.

Uhamisho: shule tatu za msingi. Rafiki yangu wa darasa la sita sikumuaga, lori lilikuja siku ya shule. Nikicheza singeli kidogo kwenye ubatizo wa mtoto wa jirani, "hata wewe mtoto wa mchungaji?" Nilipofeli kidato cha pili ilitangazwa kanisani kama hoja ya maombi. Waumini 300 walinyoosha mikono kuelekea benchi langu. Hisabati iliombewa kwa jina.

Halafu, ili niwe mkweli: kinanda nilijifunzia pale pale, na kinanda ndicho kinanilisha leo. Kila Jumamosi nina harusi. Kwa hiyo mtu akiniuliza kama nilitumikishwa au nililelewa, jibu linategemea amenikuta siku gani.

Mama Pacha
Mwanangu. Nimesoma mara mbili. Wangu wana ungo pia.

Msumari wa Moto
Harusi za kanisani au hizi za ukumbini zenye pombe?

Wa Tatu Kuzaliwa
Kwa yote niliyoandika, hilo ndilo ulilookota?

Msumari wa Moto
Nauliza tu. 1 Timotheo 3 inasema askofu awe mtu mwenye kuisimamia nyumba yake vema. Watoto wa kuhani Eli tunajua walivyoishia.

Bodaboda Mstaafu
Hao watoto wa Eli, Hofni na Finehasi, walikuwa wanapora nyama ya sadaka kwa uma wa meno matatu. Huyu alikuwa anachambua mchele. Msumari, hebu heshimu watu.

Msumari wa Moto
Na wewe wa ukoko usinifundishe Biblia.

Bodaboda Mstaafu
Sawa. Wa ukoko. Nalipokea. Njoo kijiweni uniite hivyo nikiwa nakutazama.

Chai Rangi
Jamani punguzeni povu, kuna mapadri wanasoma.

Rozari ya Mbao
Tunasoma kweli 😄. Sisi Wakatoliki hatuna tabu hiyo, padri hana mke wa kugombewa posho. Ila niwaache na moja: mpishi wa parokia yetu analipwa kila mwezi, na siku yake ya mapumziko anayo. Kazi ya mama yenu ni hiyo hiyo ya jikoni, ukiongeza mpira, cherehani na mahubiri. Kosa lake yeye ni ndoa?

Msumari wa Moto
Useja umeandikwa wapi?

Rozari ya Mbao
Nimezungumzia mpishi.

Msumari wa Moto
Petro alikuwa na mama mkwe. Mathayo 8:14. Mama mkwe anatoka wapi bila mke?

Chai Rangi
Tafadhali tusifike kwa mama mkwe wa Petro.

Fundi Bomba
Tumeshafika.

*(Hapa kuna majibu 46 kuhusu useja, Luther kumuoa mtawa mwaka 1525, na kama waumini wa kawaida wanaruhusiwa kulijadili. Ruka.)*

Theolojia Nusu
Nirudi kwenye mada kama ipo bado. Warumi 16:3, Paulo anawasalimu Prisila na Akila, mke anatajwa kabla ya mume, na anawaita wote wawili "watenda kazi pamoja nami". Hasemi mtenda kazi na msaidizi wake. Sasa chukua 1 Timotheo 5:18, "Mtenda kazi astahili ujira wake." Unganisha mwenyewe.

Kifuu Tundu
Warumi 16 ni PRISKA. Prisila ni wa Matendo. Unafundisha theolojia hujui jina?

Theolojia Nusu
Ni mtu mmoja huyo huyo!

Kifuu Tundu
Nusu umejiita mwenyewe.

Msumari wa Moto
Tena hao hawakulipwa na kanisa. Matendo 18:3, walikuwa washona mahema. Mama mchungaji naye ashone, ajitegemee, awe mfano kwa vijana.

Mkwaju Mbichi
Nilikuwa kimya nawasoma. Msumari, anashona. Zile cherehani 3 za Jumamosi ni zake, alizinunua kwa akiba yake ya ualimu. Usharika haujanunua hata sindano. Wateja aliokuwa nao wa sare za shule amewaachia vijana wake wa kwanza wawili ili waanze maisha. Mimi nilifika pale Jumamosi iliyopita saa 1 usiku kuleta funguo za kanisa. Vijana wameshaondoka. Baba yuko kwenye msiba. Mama amekaa kwenye kigoda anakwangua sufuria kwa mchanga, binti mdogo amelala juu ya gunia la vikombe, na kijana wa kinanda anafunga nyaya. Akaniambia, "Shikamoo baba mzee, samahani hatujakukaribisha kiti, vyote vimeshabebwa." Ndiyo maana nilileta uzi huu.

Fundi Bomba
Cherehani za miguu au za umeme?

Mkwaju Mbichi
Za miguu. Ndugu yangu, kweli?

Fundi Bomba
Nina mota mbili zimekaa bure dukani, ndiyo maana nauliza. Nitazifunga bila hela.

Chai Rangi
Haya sasa, mtu mmoja kati ya wote amesaidia, na ni yule wa mchele.

Kifuu Tundu
Sipingi mama kusaidiwa. Nilichosema ni kwamba idadi ya 80 isitumike kwenye bajeti kama ushahidi wa uamsho. Leo 80, uchumi ukikaza mchele ukapanda watakuwa 15. Laki 2 inabaki pale pale.

Bodaboda Mstaafu
Hao 15 ni akina mimi. Lipeni kwa ajili ya 15.

Ustaadh Mpole
Mimi nimemwambia mwanangu Ijumaa hii aende kusaidia kuchambua. Amenuna.

Msumari wa Moto
Ndugu Bodaboda, la ukoko nimelifuta moyoni. Nilikasirika. Mimi mwenyewe mama yangu alipikia semina za kanisa miaka 20 na hakuwahi kudai shilingi, sasa nikisikia leo watu wanataka posho naona kama mnasema yeye alikuwa mjinga.

Bodaboda Mstaafu
Hakuwa mjinga. Yuko hai?

Msumari wa Moto
Yupo. Mgongo unamsumbua.

Mama Pacha
…

Chai Rangi
Mkwaju, Jumapili imepita. Kikao kimesemaje?

Mkwaju Mbichi
Tumetoka saa 3 usiku. Ajenda ya posho ilisomwa, mtu mmoja akauliza kama vijana wanashiba, basi. Tukaongea chakula saa mbili na nusu. Posho imesogezwa robo ijayo ya mwaka. Kilichopitishwa ni kununua sufuria kubwa.

Wa Tatu Kuzaliwa
Kubwa kiasi gani?

Mkwaju Mbichi
La kilo 30.

Wa Tatu Kuzaliwa
Na ungo mmewanunulia?