Oveni yaandika F3 ikipata moto tu: sensa, waya au bodi?

mpishi_umoja
Habari zenu mafundi. Kuka yangu ni gesi juu, oveni ya stima chini. Nikiweka nyuzi 180 inaanza vizuri, halafu baada ya dakika 20 hivi inalia, inazima hita na kuandika F3. Ikipoa, F3 inatoweka. Kitabu chake kinasema F3 ni sensa ya joto, aina ya PT1000 (omu zake hupanda joto likipanda), na kwamba ikiwa nzima itasoma takriban omu 1,100. Nimeipima asubuhi ikiwa imepoa: 1,066. Nikatumbukiza ncha kwenye maji yanayochemka: 1,361, na jedwali linataka 1,385. Fundi aliyekuja anataka kubadilisha bodi, yaani saketi inayoendesha oveni. Nimkubalie?

waya_moto
Bodi usiguse kwanza. Sensa yenyewe iko chini kotekote, baridi na moto. Nunua nyingine, ni skrubu mbili tu ukutani mwa oveni kwa nyuma.

fundi_oveni_nrb
Dada, pole na usumbufu. Usimkubalie bado, na sensa pia usinunue. Vipimo vyako ni vizuri sana, ila umevilinganisha na jedwali la mahali pengine.

Ile 1,100 ya kitabu ni ya chumba chenye nyuzi 25. Asubuhi ya baridi Nairobi, jikoni kuna nyuzi 17, na PT1000 kwenye nyuzi 17 inasoma 1,066. Ndicho ulichopata. Maji nayo: tuko karibu mita 1,800 juu ya bahari, yanachemka kwenye nyuzi 94 wala si 100. Nyuzi 94 ni omu 1,362. Umekosa omu moja, na kila nyuzi moja ni kama omu 3.9, kwa hiyo sensa yako ikiwa kwenye joto hilo iko sawa. Nasisitiza hili kwa sababu sensa nzima nyingi hutupwa kwa kosa hilohilo la 1,385.

Kilichobaki ni kujua inafanya nini juu ya nyuzi 94, maana tatizo lako linakuja kwenye moto. Washa oveni mpaka F3 itokee. Hapohapo zima swichi nyekundu ya ukutani na swichi yake kwenye meini. Kuzima kwa kitufe cha kuka hakutoshi, bodi inabaki na stima ya 240. Vaa glavu. Weka mita kwenye 2000 (ukiweka 200 itaandika 1 peke yake upande wa kushoto, utadhani waya umekatika). Pima sehemu mbili kabla oveni haijapoa:

– kwenye plagi ya sensa inapoingia kwenye bodi, ukiwa umeichomoa;
– kwenye konekta ya sensa nyuma ya oveni, upande wa sensa.

Zote mbili zikisoma 1,600 na kitu, fundi wako ana haki, ni bodi. Zote zikiandika 1 peke yake, sensa inakatika ndani ikipanuka. Konekta ikisoma vizuri lakini plagi ya bodi haisomi, ni waya au konekta. Pima pia kati ya kila mguu wa sensa na bati la kuka: pasiwe na njia kabisa.

waya_moto
Nakubali kuhusu maji, sikufikiria mwinuko. Niongeze: mtu akitaka kujaribu bodi bila sensa, achomeke rezista ya kilo-omu 1.2 kwenye waya za sensa. Bodi itaona kama nyuzi 52 na F3 itapotea.

fundi_oveni_nrb
Ni kweli, lakini asiwashe hita rezista ikiwa humo. Bodi itaendelea kuona nyuzi 52 daima, hita haitakatika, na oveni itapanda bila kikomo.

mpishi_umoja
Nimepima. Kwenye bodi: 1 peke yake. Kwenye konekta upande wa sensa: 1,612.

fundi_oveni_nrb
Basi ni konekta au waya kati yake na bodi, na mara nyingi ni konekta. Ivute kwa upole kupitia tundu la ukuta; kabla ya kuitenganisha, funga uzi kwenye upande wa kuka, la sivyo waya utarudi ndani ya pamba ya joto na utalazimika kuvuta kuka nzima. Tazama pini: zikiwa nyeusi au zimelegea, kata pande zote mbili za konekta uweke konekta ya kauri, ile nyeupe yenye skrubu. Usitumie tepu nyeusi ya stima, inayeyuka. Usilehemu pia; risasi ya kawaida inalainika kwenye nyuzi 183, na huko nyuma kuna joto. Ukihitaji kurefusha waya, omba kwenye maduka ya vifaa vya stima ya Luthuli, Nairobi, ule wenye ganda la glasi lililosukwa, usio wa plastiki. Miguu ya sensa haina chanya wala hasi, funga vyovyote. Ukirudisha, hakikisha ncha haigusi ukuta wa oveni.

Konekta ikiwa safi, kagua waya wenyewe unapopita kwenye kingo za bati na pale panya wanapopenda kutafuna.

mpishi_umoja
Pini moja ilikuwa nyeusi na inacheza. Nimeweka kauri, oveni imekaa nyuzi 180 kwa dakika 50 bila F3. Asanteni sana.