Tumaini baada ya Jumapili ya Pasaka

Swali: Wapendwa, mimi hufunga Kwaresima, mfungo wa kabla ya Pasaka, kwa bidii, lakini Pasaka ikishapita moyo hurudi ulikokuwa. Nifanyeje ili upya ule udumu?

Jibu: Ndugu, Kwaresima ina siku 40 bila kuhesabu Jumapili, ilhali kipindi cha Pasaka kina siku 50 hadi Pentekoste, sikukuu ya kushuka kwa Roho Mtakatifu, maana yake furaha imepewa muda mrefu kuliko toba. Mshumaa wa Pasaka unaowashwa kwa moto mpya usiku wa Mkesha wa Pasaka, kanisa likiwa gizani, huendelea kuwaka ibadani kipindi chote hicho. Basi usiharakishe kuacha kusali.

Jibu: Naongeza Majilio, kipindi kinachofungua mwaka wa Kanisa: hutuandaa kwa Krismasi na pia kwa kurudi kwake Kristo, ndiyo maana mwaka wa Kanisa huanza kwa kungoja.

Muulizaji: Asanteni sana. Nitaendelea na sala za jioni hadi Pentekoste.