Daftari la Waliomaliza 1989

Katibu, 07:05
Assalam alaikum, Bwana asifiwe, habari za asubuhi walimu. Daftari la kozi yetu ya chuo cha ualimu lina majina 86. Wanaopatikana kwa simu ni 51. Leo naomba tuzungumze hao 35 wasiopatikana tu. Picha na salamu tuziache hadi jioni.

Baba Issa, Mikindani, 07:11
Katibu, zile namba za kitabu cha zamani usizifute. 0744 iandike 0754, 0748 iwe 0784, 0741 iwe 0713, 0747 iwe 0777. Tarakimu sita za mwisho zilibaki vilevile. Jaribu hivyo kabla ya kusema fulani hapatikani.

Katibu, 07:26
Nne nimezigeuza. Mbili zinaita.

Mama Tumaini, Masasi, 07:30
Dada, kuita si ushahidi. Laini iliyolala muda mrefu hupewa mtu mwingine. Na kuna zilizofungwa baada ya tarehe 20 Januari 2020, ukomo wa kusajili kwa alama za vidole, wenyewe wakachukua namba mpya bila kumwambia mtu. Akipokea, usianze na "Wewe ni fulani?" maana tapeli atajibu ndiyo. Muulize BTP, yale mazoezi ya kufundisha, alifanyia shule gani na alilala bweni gani. Aliyesoma nasi hawezi kubabaika.

Mhazini, 07:34
Naongeza. Ukianza kumtumia pesa, jina la mwenye laini linatokea kabla hujaweka namba ya siri. Soma, kisha ghairi. Ila jina likiwa geni usikate tamaa, wazee wengi wanatumia laini zilizosajiliwa na watoto wao. Tazama jina la mwisho, huenda ni la mwenzetu mwenyewe.

Baba Asha, Nachingwea, 07:48
Walimu, tunahangaika na waliokwisha potea, na kuna wanaoelekea kupotea tunawaangalia. Wengi wetu tumezaliwa kati ya 1965 na 1968. Kustaafu kwa lazima ni miaka 60, kwa hiyo 2025 hadi 2028 ndiyo miaka ya hatari. Mtu akiwa kazini, hata akibadili laini mara kumi, utampata kupitia mwalimu mkuu, Afisa Elimu Kata au mwakilishi wa chama chetu cha walimu, CWT, shuleni. Siku akikabidhi nyumba ya shule, njia zote tatu zinakatika kwa pamoja. Anahamia shambani au kwa mtoto, na shule baada ya mwaka haijui yuko wapi.

Mama Tumaini, Masasi, 07:52
Umesema kweli kabisa kaka.

Baba Asha, Nachingwea, 07:59
Kwa hiyo kila mtu tumwandikie, mbali na namba yake: kijiji na kitongoji anakokwenda kuishi, namba ya mtoto au ndugu mmoja asiyekaa naye nyumba moja, na msikiti au kanisa analosali. Asiyekaa naye nyumba moja, nasisitiza. Nyumba ikipata msiba au ikihama, simu zote za mle ndani zinazima pamoja. Na mwenye mikorosho andika AMCOS yake, yaani chama cha msingi cha ushirika anakouzia. Oktoba hadi Desemba lazima korosho yake ipite pale, na katibu wa AMCOS anamjua kwa sura.

Baba Issa, Mikindani, 08:03
Kwenye ofisi yoyote ile usiombe namba ya mtu. Hawatakupa, na ni haki yao. Acha karatasi yenye jina lako, mwaka wa kuhitimu na namba yako, omba wamfikishie. Anayetaka atapiga mwenyewe. Asiyetaka tumheshimu.

Katibu, 08:10
Akina mama je? Tisa kati ya 35 ni wanawake.

Mama Tumaini, Masasi, 08:17
Hapo majina ndiyo yanatuponza. Orodha ya chuo ina jina la baba. Huku Masasi na Newala wapo waliochukua jina la mume, na mtaani anaitwa Mama Fulani tu, jina lake hata jirani halijui. Uliza kwa njia ya ukoo: kijiji alichozaliwa, kaka yake nani. Kijiji cha kuzaliwa hakibadiliki. Daftari liwe na safu tatu: jina la chuo, jina la sasa, jina la mtaani.

Katibu, 08:20
Safu nimeziongeza.

Baba Issa, Mikindani, 08:31
Sasa simu zenyewe. Anayebadili laini asiweke WhatsApp upya kama mgeni. Aingie Mipangilio, kisha Akaunti, kisha Badili namba, wakati laini mpya imeshaanza kupokea ujumbe. Makundi yote yanahama naye. Na akaunti isiyofunguliwa siku 120 hufutwa yenyewe. Mtu aliyelazwa au aliyeharibikiwa na simu anarudi anakuta hayumo, anadhani tumemfukuza. Katibu, ukiona mtu katoka, mpigie siku hiyohiyo.

Tena kila mmoja aweke ile namba ya siri ya tarakimu sita ya hatua mbili. Ujumbe wa "nimekwama, nitumie kwenye namba hii" ukija kwa jina la mwenzetu, piga usikie sauti kwanza.

Mhazini, 08:40
Wenye kitochi ni 14, matangazo ya humu hawayapati. Msiba ukitokea wanasikia mtu keshazikwa, na inawauma. Kila mwenye simu kubwa achukue mmoja wa karibu yake, awe anampigia.

Na ada: 5,000 kwa mwezi, weka na ya kutolea, la sivyo makato yanakula mfuko. Ukitumia laini ya mtoto au wakala niandikie hapohapo "hii ni ya mimi fulani". Muamala unakuja na jina la mwenye laini, na nusu ya mivutano ya michango inaanzia hapo. Nabandika orodha kila tarehe 5.

Baba Asha, Nachingwea, 08:44
Mkutano?

Katibu, 08:52
Julai, Mingoyo. Mvua zimekwisha, na barabara ya Masasi inakutana pale na ya Lindi na Mtwara, hakuna anayelala njiani. Lakini Julai mifuko mitupu, mnada wa korosho bado. Mchango wa mkutano tukusanye Novemba na Desemba, korosho inapolipwa.

Tugawane hao 35 kwa wilaya.

Mama Tumaini, Masasi, 08:54
Masasi na Nanyumbu, niandike.

Baba Asha, Nachingwea, 08:55
Nachingwea, Ruangwa na Liwale. Liwale nipeni mwezi mzima.

Baba Issa, Mikindani, 08:57
Mtwara mjini na vijijini. Lindi na Kilwa yupo nani?

Mhazini, 08:58
Mimi.

Katibu, 09:06
Newala na Tandahimba zimebaki, na majina manane yako huko.

Mama Tumaini, Masasi, 09:15
Nipe hayo manane pia. Nianze na akina mama, andika vijiji vyao vya kuzaliwa kama vipo kwenye orodha ya chuo.