Mrejesho: Michoro ya BS 8110 na Kanuni mpya za Ujenzi za Kenya

Niliuliza kama michoro ya ghorofa 4 iliyopigiwa hesabu kwa BS 8110 (kiwango cha zamani cha Uingereza cha majengo ya zege) inafaa baada ya Kanuni za Ujenzi za 2024 kuanza kutumika Machi 2025. Asanteni sana kwa majibu. Mhandisi amepiga hesabu upya kwa Eurocode, yaani viwango vya Ulaya ambavyo kanuni mpya zinafuata. Kubadilisha jina la kiwango kwenye karatasi hakungetosha.

Penye hatari kubwa ni zege. C25/30 ni daraja la nguvu ya zege kwa MPa: sampuli ya silinda ikipimwa ifike 25, ya mchemraba 30. Aliyezoea “C25” ya zamani huagiza zege la mchemraba 25. Siku ya 28 mchemraba unapasuka kwenye 26, na nguzo zimeshamwagwa! Andikeni namba zote mbili kwenye oda na kwenye kila mchemraba wa majaribio.

Kwenye msingi, Eurocode inapendekeza nondo zifunikwe angalau milimita 40 juu ya zege la kusawazisha, 75 zege likigusa udongo. Vipande vya tofali chini ya nondo huteleza fundi akikanyaga, na hapo ndipo kutu huanzia. Wekeni vitalu vya zege vya kipimo hicho, vifungwe kwa waya.

Vizidisho vya mizigo (namba za usalama zinazozidishwa na mzigo wa kudumu na wa matumizi), 1.4 na 1.6 vya BS 8110, sasa ni 1.35 na 1.5. Msivichanganye.